Kibuyu cha Sylvestre

Mwaka ule bei ya kahawa ilipanda mpaka wenye vishamba vya nyuma ya nyumba wakaezeka mabati, na usine za Bunia, viwanda vya kukaushia kahawa, zikawa hazipumziki. Katika moja ya usine hizo Anaclet alikuwa mwasha moto. Mafundi waliingia saa moja asubuhi, na walitaka kukuta tanuru la kukaushia lina joto. Kwa hiyo saa kumi na moja na nusu yeye alikuwa amekwisha kupiga magoti mbele ya mlango wa chuma, anapuliza. Na ili awe pale saa hiyo, saa kumi, watu wote wakiwa wamejikunja chini ya blanketi zao, alikuwa amekwisha kupanda baiskeli kwenye kijiji chao, juu ya Katoto.

Ni kilomita kumi na nane, karibu zote za kuteremka. Asiyeijua milima ile atasema kuteremka ni raha. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, ukungu hulala juu ya njia kama ng'ombe aliyekataa kuamka, na ukiuingia na baiskeli unaukata kwa uso. Baridi huanza na vidole, ikaja masikioni, ikashuka magotini na kukaa huko mpaka mchana. Anaclet alivaa soksi mikononi. Kifuani, ndani ya shati, alitia karatasi ya mfuko wa simenti iliyokunjwa mara mbili, na juu ya yote akavaa kabuti la marehemu baba yake, ambalo lilinyonya umande hadi likawa kama mtu wa pili aliyebebwa mgongoni. Baiskeli yake haikuwa na taa. Breki yake ilikuwa kipande cha tairi alichokikandamiza kwa kisigino juu ya gurudumu. Njia aliijua kwa makalio: hapa mawe, hapa mchanga, hapa mfereji, hapa kidaraja cha magogo matatu ambacho ukikosea kwa upana wa mkono umo mtoni.

Alikuwa ameizoea njia hiyo miaka sita, wala hakuwa na manung'uniko. Manung'uniko yalikuja siku Sylvestre aliponunua baiskeli ya Kichina yenye dinamo.

Sylvestre alikuwa jirani yake, kijana mwenye meno mazuri, karani wa mizani katika usine ile ile. Baiskeli yake ilikuwa nyeusi, inang'aa, na taa yake mbele ilikuwa kubwa kama sahani ya chai. Watoto walimkimbilia jioni ili awainulie gurudumu na kulizungusha, waone nuru ikitoka bila moto wala mafuta. Hata wazee walikuja kutazama, wakajifanya wamekuja kuuliza habari za kahawa.

Na jambo moja Anaclet hakulielewa. Mizani ya usine ilifunguliwa saa moja. Karani hakuwa na haja ya kuondoka nyumbani kabla ya saa kumi na moja na nusu, wakati weupe unapoanza kuonekana. Lakini tangu aliponunua baiskeli hiyo, mwaka mzima sasa, Sylvestre alikuwa akimngoja Anaclet kwenye njia panda kila siku saa kumi, giza likiwa zito, taa imezimwa kwa sababu gurudumu limesimama.

"Yaya Anaclet, ni weye?"

"Ni miye. Weye haulalaka?"

"Nitalala juu ya magunia, kule chini. Twende. Fuata taa."

Fuata taa. Maneno hayo mawili Anaclet aliyameza kila siku kama dawa. Alikuwa yaya kweli, kaka mkubwa, aliyemzidi Sylvestre miaka saba, naye ndiye aliyemwombea kazi. Sasa alikuwa nyuma yake, akitazama mgongo wake, gurudumu lake likipita mahali ambapo lile la mbele limekwisha kupita, kama ndama. Alijiambia kwamba Sylvestre anatoka saa hiyo kwa majivuno tu, kwa maana taa ya kutembea mchana ni taa ya nani?

Wakati mmoja, Anaclet akiwa anafunga soksi mikononi, mke wake Emerance alisimama mlangoni akatazama nje. "Taa yake inaonekanaka mpaka kona ya pili," akasema.

"Na weye unasimamaka hapo kuangalia taa za watu?"

"Niko naangalia njia yako."

Neno lile alilipakia kwenye baiskeli akashuka nalo hadi Bunia.

Emerance hakuwa mtu wa milima ile. Alitoka Bogoro, kusini, ambako nchi inaanguka ghafla kuelekea ziwani. Aliletwa mwaka wa mabadiliko ya majina, nchi ilipoitwa Zaire, msichana mrefu asiyecheka ovyo, na katika mzigo wake wa harusi alibeba mizizi ya kijiti kimoja ambacho mama yake alikitumia kufukizia vibuyu vya maziwa. Alikipanda nyuma ya nyumba kabla hata hajajua majina ya mashemeki wote. Kila mwanamke wa milima ile hufukiza kibuyu chake: anawasha majani yaungue polepole bila ndimi, anakiinamisha kibuyu juu ya moshi, anakifunika, moshi unashika ndani kama rangi. Ndipo maziwa hutiwa. Lakini wanawake wa pale wote walitumia majani ya aina moja, na maziwa yao yalifanana kama ndugu. Ya Emerance yalikuwa peke yake. Yalikuwa na harufu ya asali iliyoungua kidogo, na nyuma ya asali uchungu mwembamba unaobaki kwenye ulimi mpaka ufike bondeni.

Na Anaclet alikuwa mtu wa moshi. Akiwa nje ya usine aliweza kusema leo wametia kuni za mkaratusi, jana zilikuwa za mwembe. Bosi mwenyewe alikuwa akimwita anuse kahawa kabla haijafungwa magunia. "Citoyen, lete pua yako," alisema, kwa ule wito wa siku zile wa mwananchi, na Anaclet aliileta kwa heshima, kama mtu aletaye mhuri.

Kila asubuhi kabla hajatoka, Emerance alimpa kibuyu kwa mikono miwili. Yeye alikunywa akiwa amesimama, akakirudisha kikiwa na kidogo chini, sehemu ya binti yao Claudine. Hawakuzungumza. Mengi ya ndoa yao yalikuwa katika kile kibuyu.

Ilikuwa katikati ya mwezi wa saba, asubuhi ya ukungu mnene kuliko zote. Walipovuka kidaraja walisimama kama kawaida ili wakunjue vidole. Sylvestre akaingiza mkono ndani ya koti lake, akatoa kibuyu kidogo kilichofungwa kitambaa, bado kina joto la kifua chake.

"Leo niko na kitu, yaya. Kunywa. Baridi hii iko na meno."

Anaclet akakipokea bila kufikiri. Akanywa mara moja. Halafu akasimama vile vile, kibuyu mdomoni, bila kumeza.

Asali iliyoungua. Na nyuma yake, ule uchungu.

"Iko muzuri?" Sylvestre akauliza.

"Nani amefukiza?"

"Régine. Nani tena? Watu walisema hatajua. Hata mama yangu siku hizi ananyamaza."

Anaclet akameza. Akakirudisha kibuyu. Hakuuliza tena, kwa sababu kuuliza kungekuwa kumpa Sylvestre nafasi ya kudanganya mara ya pili. Régine, mke wa Sylvestre, alikuwa binti wa wavuvi wa upande wa Mahagi, aliyefika mlimani akiwa hajui hata kumkaribia ng'ombe kutoka upande gani. Huyo ndiye awe na moshi wa Bogoro? Katika milima yote ile, mkono mmoja tu ulikuwa na moshi huo. Tupande baiskeli, akawaza, twende. Na wakaenda, taa mbele, yeye nyuma, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita hakuhisi baridi hata kidogo.

Tangu siku hiyo akawa na kazi mbili, ya kuwasha moto na ya kupeleleza. Alirudi jioni akatazama vibuyu vilivyotundikwa ukutani, kama kimoja kimehama mahali pake. Alikwenda nyuma ya nyumba akahesabu matawi ya kile kijiti, akakuta yamekatwa mengi kuliko mahitaji ya nyumba moja. Alimtazama Emerance akipepeta unga akajiuliza ni kwa ajili ya nani amesuka nywele. Emerance alipoimba, aliuliza kwa nini anaimba. Aliponyamaza, ikawa mbaya zaidi.

Na njiani, kila siku penye kidaraja, Sylvestre alitoa kile kibuyu kifuani, na Anaclet akanywa. Hakuweza kukataa. Alitaka kujua kama harufu bado imo. Ilikuwamo.

Asubuhi moja, walipofika kona ya pili, alishuka akasema tairi limetoboka. "Weye enda. Nitaziba, nitakufikia."

"Nikumulikie basi."

"Nimesema enda."

Taa ikaondoka, ikapungua, ikamezwa na ukungu. Anaclet akasukuma baiskeli kurudi juu, akaiegemeza nyuma ya zizi lake, akachuchumaa kwenye umande akiwa amejifunika kabuti. Alikaa hapo mpaka weupe ukaanza. Ndipo mlango wake ukafunguliwa. Emerance akatoka na kitu kilichofungwa katika jani la mgomba, akatazama huku na huku, akafuata kijia cha katikati ya migomba. Kijia kile hakikuwa na nyumba nyingine mbele yake. Kilikwenda kwa Sylvestre.

Sylvestre wakati huo alikuwa Bunia, amelala juu ya magunia. Hilo Anaclet alilijua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwona akienda. Lakini mtu mwenye wivu hufanya hesabu yake kwa namna yake. Anamwachia, akawaza. Anaweka, yule anakuja kuchukua. Hakufikiri zaidi ya hapo. Alipanda baiskeli akashuka kilomita kumi na nane bila taa na bila breki, na alipofika mafundi walikuwa wamesimama mbele ya tanuru baridi, mikono mfukoni.

"Mwenye pua amekosa njia," Fulgence, mlinzi wa mlango, akamwambia. "Ama bibi alikukamata kwa kabuti?"

Watu wakacheka. Bosi hakucheka. Alisema likitokea mara ya pili atatafuta mtu anayekaa karibu.

Katika ukoo wa Anaclet kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeifundisha wala aliyehitaji kufundishwa. Mume akirudisha kibuyu cha mke wake bila kukigusa kwa mdomo, asubuhi tatu mfululizo, amekwisha kusema. Hakuna baraza, hakuna kelele. Babu yake alimrudisha kwao hivyo mke wake wa pili.

Asubuhi iliyofuata Emerance alimpa kibuyu kwa mikono miwili. Anaclet akakirudisha. "Tumbo," akasema.

Asubuhi ya pili hakusema tumbo. Emerance alibaki ameshika kibuyu muda mrefu, akimtazama akivaa soksi mikononi, kidole kwa kidole.

"Nimekosa nini, Baba Claudine?"

"Weye unajua."

"Sijui. Uniambie, ndio nijue."

Hakumwambia. Kusema kungekuwa kulitoa neno lile mdomoni na kulisikia kwa masikio yake mwenyewe, naye aliliogopa. Alitoka. Penye kidaraja Sylvestre alimpa kibuyu, akanywa mpaka chini, huku tumbo lake likiwa limeyakataa maziwa yayo hayo saa moja kabla.

Asubuhi ya tatu Emerance alileta kibuyu tena. Mikono miwili, kama siku zote. Kama angekirusha, kama angelia, pengine Anaclet angeketi chini. Emerance alisimama tu na kungoja. Anaclet akakisukuma kirudi kwake kwa ncha za vidole. Jioni aliporudi alikuta vibuyu vyote vimegeuzwa midomo chini, jivu limezolewa, nyumba imefagiwa mpaka pembeni. Emerance hakuwapo. Claudine pia hakuwapo.

Siku nne alikaa peke yake. Alidhani wivu ungeondoka na mwanamke, lakini ulibaki naye nyumbani ukanenepa. Alipomwona Sylvestre kwenye njia panda alimchunguza katika mwanga wa taa ilipowaka, kama uso wake una huzuni ya mtu aliyepotelewa. Haukuwa nayo. Sylvestre alipiga mluzi njia nzima, akampa kibuyu, akamwambia pole kwa mambo ya nyumbani. Na ajabu ni kwamba maziwa yalikuwa yale yale. Emerance alikuwa Bogoro, na harufu yake ilikuwa kifuani pa Sylvestre. Anaclet aliligeuza jambo hili kichwani siku nzima mbele ya tanuru, akalijibu mwenyewe: alimwachia majani.

Jumapili, baada ya misa, Régine alimfuata kwenye kijia cha kutoka kanisani. Mtoto wake alikuwa mgongoni, na mwenyewe alikuwa akitembea haraka, akitazama nyuma.

"Baba Claudine, simama kidogo."

Akasimama.

"Mama Claudine amerudi kwao kwa sababu ya kibuyu."

"Nani amekuambia?"

"Yeye. Alipita kwangu na muzigo ku kichwa. Alisema nisiseme kitu. Nimenyamaza siku ine. Leo ku misa nimeshindwa kwenda kupokea komunyo."

Régine akaanza, na maneno yakamtoka kama mtu anayemwaga ndoo.

"Nilipoolewa hapa, mama mukwe alikunywa maziwa yangu mara moja, akatema. Alisema mutoto wa wavuvi, maziwa yake inanuka samaki. Wageni wakikuja, alikuwa anatuma kuomba maziwa kwa majirani, na miye nimesimama pale pale. Mama Claudine alisikia hayo. Akaanza kukuja kunifundisha asubuhi, ninyi mukiwa mumeshaenda, mama mukwe akiwa ku shamba. Mwaka muzima nilitumia majani ya hapa. Moshi haikukamata. Vibuyu vitatu vilipasuka. Mwezi huu akasema, basi, tujaribu na majani yangu ya Bogoro. Ndio ikakamata."

"Ulimupa nini?"

"Hakutaka kitu." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Aliniomba neno moja tu, tangu mwanzo. Alisema, bwana yako iko na taa, wangu anashuka katika giza, na kuko kile kidaraja. Mwambie aondoke saa kumi. Nikamwambia Sylvestre niko naogopa wezi wa baiskeli, asiende peke yake. Ndio anakungojaka. Anafikiri weye ndio unamuchunga."

Mtoto mgongoni akapiga chafya. Régine akamtikisa.

"Sylvestre hajui?"

"Hajui. Anasifu mukono wangu kila mahali. Akijua, mama yake atajua kesho yake, na miye hapa sitakaa tena."

Anaclet alirudi nyumbani, akachukua baiskeli, hakula. Kutoka Katoto mpaka Bunia, na kutoka Bunia mpaka Bogoro, ni safari ya siku kwa mtu mwenye akili. Mvua ilimkuta baada ya mji. Aliisukuma baiskeli katika matope, karatasi ya simenti ikiyeyuka kifuani. Ilimpasa afurahi, kwa kuwa mke wake hakuwa na kosa. Lakini alipouangalia moyo wake alikuta kwamba bado unaungua, mahali pengine tu. Mwaka mzima wale wanawake wawili walikuwa na shauri lao. Walimgawa kati yao kama mgonjwa: huyu atatoa taa, huyu atalipa. Na lile jani, ambalo lilikuwa la nyumba yake peke yake katika nchi yote ile, lilitolewa bila kumwuliza.

Laurent, kaka yake Emerance, alimpokea mlangoni jua likizama. Alimpa kiti, lakini nje.

"Utakunywa maji, shemeki. Maziwa hatutakupa. Utauliza nani aliyashika."

"Ninastahili."

"Hata maji nilifikiri mara mbili."

Emerance alitoka akaketi mbali kidogo, juu ya kinu kilichopinduliwa. Claudine alimkimbilia baba yake, akagusa kabuti lililoloa, akarudi kwa mama.

"Régine amesema," Anaclet akasema.

"Amekosa. Nilimukataza."

"Kwa nini hukuniambia weye mwenyewe? Asubuhi ile ya pili uliniuliza umekosa nini. Ungesema, ninamufundisha Régine, na ningekunywa."

"Sikujua unafikiri nini. Na siri ilikuwa ya yule mwanamuke, haikuwa yangu nikupe." Akamketisha Claudine miguuni pake. "Nilikuona kule nyuma ya zizi, Baba Claudine. Kabuti ya marehemu inaonekanaka. Nikasema, leo atanifuata, ataona, atacheka. Haukunifuata. Uliona nyumba ya Sylvestre tu. Haukuona kama mule munakaa mwanamuke."

Anaclet akakamua maji kwenye pindo la kabuti.

"Na taa," Anaclet akasema, kwa sauti ndogo. "Ulinifanya mutoto wa kushikwa mukono."

"Nilikufanya mutu wa kurudi jioni."

Laurent aliyekuwa amesimama karibu na mlango akakohoa, akaingia ndani. Emerance akaendelea, bila kupandisha sauti. "Nitarudi. Laurent atanileta Jumamosi, siku ya posho. Lakini ni kwa neno moja. Sylvestre asijue. Leo, kesho, hata mukigombana. Atasifu mukono wa bibi yake mbele yako, na weye utasikiliza. Siku utakayosema moshi ule ni wangu, nitageuza vibuyu, na safari hiyo hautanikuta hapa."

"Ni wako."

"Ni wangu. Ndio maana nimeutoa."

Aliondoka Bogoro saa nane usiku ili tanuru liwe na joto, bila taa mbele yake, na akagundua jinsi giza lilivyo kubwa kwa mtu aliyekwisha zoea mgongo wa mwenziwe.

Jumamosi Emerance alirudi. Jumatatu alimpa kibuyu kwa mikono miwili. Anaclet akanywa akiwa amesimama, akaacha sehemu ya Claudine, na kwenye njia panda Sylvestre alikuwa akimngoja.

"Yaya, ni weye?"

"Ni miye."

"Nasikia Mama Claudine amerudi. Sasa utacheka kidogo. Fuata taa."

Akaifuata. Ukungu ulikuwa mwembamba siku hiyo, na nuru ilikwenda mbali, juu ya mawe, juu ya mchanga, juu ya magogo matatu. Anaclet alitazama na kuona kwamba Sylvestre alipofika kidarajani alipunguza mwendo, akageuza usukani kidogo, ili nuru iangukie ukingo wa magogo kwa ajili ya anayefuata. Alikuwa akifanya hivyo, bila shaka, siku zote. Hilo nalo lilimchoma.

Siku hiyo Sylvestre hakutoa kibuyu penye kidaraja. Alisema leo ana shauri nacho. Alilala juu ya magunia mpaka saa moja kasorobo, moto ukiwa umekwisha shika, na mafundi walipoanza kukusanyika mlangoni wakijisugua mikono alikwenda akamwita Anaclet, akamfikishia Fulgence kibuyu.

"Muzee, weye unasema wanawake wa Mahagi wanajua samaki tu. Kunywa, useme tena."

Fulgence akanywa, akafunga macho, akapitisha kwa wengine. Kibuyu kikazunguka. Watu wakaguna. Mmoja akasema hajapata kunywa kitu kama hicho tangu mama yake afe. Sylvestre alisimama katikati, mikono kiunoni, meno yote nje, kama baba wa bwana harusi.

"Lakini tuko na mwenye pua hapa," Fulgence akasema. "Anaclet, bibi yako ametoka kwenye nchi ya ng'ombe. Weye utasema bila kudanganya. Ya kwako na hii, gani inashinda?"

Wote wakamgeukia. Walijua kwamba mke wake alikwenda na kurudi, na walitaka kuona atasema nini, wengine wakiwa wamekwisha anza kutabasamu. Kibuyu kikafika mikononi mwake. Akanywa. Asali, halafu uchungu, na uchungu ule ukakaa ulimini pamoja na maneno matatu ambayo yangewanyamazisha wote na kuondoa yale meno mahali pake.

"Ya Régine," akasema.

Kelele zikapanda. Fulgence akapiga mlango kwa fimbo yake. Mtu akamwambia Anaclet aende kwake akaombe radhi kabla habari haijafika.

Sylvestre alisubiri zitulie, maana alikuwa kijana mwenye moyo mwema. Akamshika bega, akasema kwa sauti ya chini, ya kumfariji: "Usisikie mubaya, yaya. Nitamwambia Régine akuje kwenu asubuhi moja. Atamufundisha Mama Claudine."

Anaclet akakirudisha kibuyu kwa mikono miwili.

"Asante," akasema. "Atafurahi." Kisha akaenda kutia kuni.